Raia mwema darasani ni nani: anayenyamaza au anayeuliza?

Ijumaa moja muhula huu nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la Gredi ya 4 katika shule moja ya msingi ya umma huko Kawangware, kitabu cha tathmini mapajani. Nilikuwa nimekwenda kumkagua mwanafunzi wangu wa ualimu aliye katika mazoezi ya kufundisha. Kabla ya kipindi cha Kiswahili kuanza, kiranja alisimama akasoma karatasi aliyoijaza tangu Jumatatu: orodha ya wapiga kelele. Majina kumi na moja. Waliotajwa wangebaki baada ya masomo kufagia darasa na kuokota taka uwanjani.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mimi sikuwa napiga kelele. Nilikuwa namuonyesha venye hesabu inafanywa."

"Si venye," mwalimu akamrekebisha kwa upole. "Sema, jinsi hesabu inavyofanywa. Darasa, rudieni."

Darasa likarudia. Msichana naye akarudia, kisha akaketi, na jina lake likabaki palepale kwenye orodha. Nami kwa mazoea nikaweka alama ya vyema kwenye kisanduku cha urekebishaji wa makosa.

Nilikuwa tayari ndani ya matatu ya 46 nikirudi katikati ya jiji, tumekwama kwenye foleni ya Hurlingham, ndipo jambo lile liliponichoma. Mtoto alikuwa amekata rufaa. Rufaa yake ikajibiwa kwa sarufi.

Si kwamba "venye" halistahili kurekebishwa. Nimelipigia kelele neno hilo kwa miaka mingi, maana limeingia hadi kwenye insha na mahojiano ya redio. Lakini kuna wakati wa kurekebisha na wakati wa kusikiliza kwanza. Na kinaya chenyewe ni kwamba siku hiyo, juu ya ubao, palikuwa na karatasi ya manila iliyoandikwa kwa wino mwekundu: RAIA NJEMA. Chini yake zilifuata kanuni za darasa.

Tuanze na kosa lililo wazi. "Njema" huandamana na nomino za ngeli ya I-ZI: siku njema, habari njema, safari njema. Raia ni mtu, kwa hivyo yumo katika ngeli ya A-WA ingawa umbo lake halina kiambishi cha ngeli hiyo: raia mwema, raia wema. Tukizungumzia hali yenyewe tunasema uraia mwema. Nadhani kosa hili huzaliwa na sikio, kwa kuwa "raia" halianzi kwa m- wala wa-, na msemaji hulitendea kama "habari". Wapo pia wasemao "raia mzuri". Hilo si kosa la ngeli, ila -zuri huelekea zaidi kwenye umbo na ubora wa jumla, ilhali -ema hugusa mwenendo.

Neno lenyewe lina historia inayofaa kujulikana na kila mwalimu. Raia limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kuchunga na kulisha mifugo. Maana ya awali ilikuwa kundi linalochungwa, kisha ikawa watu walio chini ya mtawala. Neno hilohilo lilifika India likawa jina la mkulima mdogo aliyelima chini ya mwenye ardhi. Kwa hivyo raia wa zamani alikuwa mchungwa. Wema wake ulikuwa kufuata njia na kutotawanyika.

Mwananchi ni kitu kingine. Ni mwana wa nchi, mtu mwenye haki ya kuuliza nyumba inaendeshwaje kwa sababu ni ya kwao. Kipindi cha uhuru ndipo neno hili liliposhika kasi majukwaani, Kenya na Tanganyika. Ajabu ni kwamba leo kwenye vinywa vya viongozi wetu "wananchi" limeanza kurudi kule kwa raia wa kale: wananchi huhutubiwa, huombwa watulie, huambiwa wasubiri. Hata Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, kinachotaja maadili ya kitaifa, tumezoea kukifasiri kwa neno "ushirikishaji" wa umma. Tazama kitenzi: kushirikisha. Kuna mtu anayekushirikisha. Mimi ningependelea "ushiriki", ambao mwananchi huufanya mwenyewe bila kungoja kuitwa, ila hayo ni ya siku nyingine.

Haya yana uzito darasani kwa sababu mfumo wa mtaala uliotolewa mwaka 2017 uliorodhesha uraia kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi, pamoja na mawasiliano na ushirikiano, fikra makini na utatuzi wa matatizo, ubunifu, kujifunza namna ya kujifunza, ujuzi wa kidijitali na kujiamini. Tanzania imewahi kuwa na somo zima la shule ya msingi liitwalo Uraia na Maadili. Kwetu umilisi huu umesambazwa katika masomo yote. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Gredi ya 4, mwenye vipindi vinne vya dakika thelathini na tano kwa juma, hawezi kusema uraia ni kazi ya mwenzake wa Mafunzo ya Jamii. Anaufundisha kila anapofungua kinywa, apende asipende.

Nikarudi kichwani kwenye zile kanuni za ukutani. Usipige kelele. Usitembee darasani. Usichelewe. Usiongee lugha ya mama. Usitumie Sheng. Zote zilianza kwa usi-. Kisarufi, umbo hili limejengwa kwa kiambishi cha nafsi u-, ukanushaji -si- na kiishio -e. Nafsi hiyo ni ya pili umoja: anayesema yuko juu, anayeambiwa yuko chini, peke yake. Sasa ongeza herufi moja tu, t. Usipige kelele inakuwa tusipige kelele. Msemaji amejitia ndani ya sheria. Sikiliza wimbo wa taifa, ambao lahani yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Vitenzi vyake vingi ni vya kuombana na kuhimizana sisi kwa sisi. Watoto huuimba wakati wa kupandisha bendera, halafu huingia darasani na kukutana na usi-.

Kuhusu ile kanuni ya lugha ya mama, nilidhani tumemalizana nayo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza vizuri katika Decolonising the Mind, 1986: kitu kidogo kilipitishwa kutoka kwa mtoto hadi mtoto, kila aliyenaswa akisema lugha yake akikabidhiwa, na jioni msururu wote ukajulikana. Ubaya wake haukuwa lugha peke yake. Watoto walifunzwa kuwindana. Karatasi ya kiranja ni mjukuu wa kitu kile. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo kinaipa serikali jukumu la kulinda lugha za watu wa Kenya. Sijui mtoto wa miaka tisa atazipatanisha vipi Katiba na manila.

Neno kiranja nalo limepungukiwa. Kamusi zinatuambia kwamba, mbali na kiongozi wa wanafunzi, kiranja ni mtoto anayetangulia kutahiriwa jandoni. Yaani anayekubali uchungu kwanza ili wenzake wapate moyo. Linganisha na huyu wetu wa kalamu na karatasi, ambaye jina lake mwenyewe haliingii orodhani kamwe.

Tena kuna hiyo adhabu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Vizuri sana. Ila tulichoweka mahali pake mara nyingi ni ufagio. Mtoto akifagia kwa sababu amekosa, anajifunza kwamba kusafisha ni kazi ya wakosaji. Miaka ishirini baadaye tunamlaumu kwa kutupa chupa nje ya dirisha la matatu.

Jumatatu nilimpigia simu mwanafunzi wangu, nikamweleza kwamba alama ile niliyompa ilikuwa ya kwangu kujisahihisha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Daktari, si nilikuwa narekebisha kosa tu?" Tukazungumza kwa muda mrefu. Akakubali kujaribu jambo kwa juma moja: kuzibandua kanuni na kuziandika upya pamoja na watoto, zote kwa tu-, na kufagia kuwe kwa zamu, mwalimu akiwemo.

Nilirudi Ijumaa iliyofuata. Manila ilikuwa mpya: RAIA WEMA WA DARASA LETU. Watoto walikuwa wameongeza kanuni ambayo hakuna mwalimu angeiwaza: Tusipokee simu darasani. Dakika kumi tangu nikae, yangu ikalia. Mikono kama sita hivi ikainuliwa kwa pamoja, na mvulana aliyeteuliwa akaniambia kwa adabu zote, "Mwalimu mgeni, tumekubaliana tusipokee simu." Nikaizima. Nikaambiwa nimeongezwa kwenye zamu, lakini kwa kuwa ni zamu wala si adhabu, ningesubiri siku yangu.

Yule msichana, kwa njia, bado anasema "venye". Safari hii alisikilizwa hadi mwisho, wenzake wawili wakathibitisha kwamba alikuwa akifundisha hesabu, kisha ndipo mwalimu akamkumbusha "jinsi". Akacheka, akalirudia.

Aliyepata tabu ni kiranja. Alikuwa amekaa na daftari lake tupu siku nne. "Mwalimu," akauliza, "sasa mimi niandike nini?" Mwanafunzi wangu alifikiri, akamwambia aandike maswali ya darasa ambayo yamefika Ijumaa bila kujibiwa, ayapeleke kwa mwalimu mkuu. Nilipokuwa nikitoka niliomba kuliona daftari. Lilikuwa na swali moja, kwa mwandiko mkubwa wa kujikaza: "Kwa nini choo kimoja cha wasichana kimefungwa na kufuli?"