Mutoto muchanga atalala namna gani muchana, wakubwa zake wakiwa nyumbani?

Saa saba ya muchana, katika nyumba ya mabao ya vyumba viwili kule Goma ao Bukavu, mutoto wa miezi 2 amelala dakika 10 tu. Wakubwa zake wanatoka masomo. Mumoja anatupa mufuko wa madaftari mlangoni, mwingine anaomba chakula, na yule wa miaka 3 anapanda kitandani juu anataka kuona bebe. Mama anapaza sauti: «Munyamaze, mutoto iko analala!» Mara nyingi ni sauti hiyo ndiyo inamuamsha.

Usingizi wa muchana si anasa. Kufuatana na mashauri ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, ya mwaka 2019, mutoto wa chini ya miezi 4 anahitaji kulala saa 14 mpaka 17 kwa siku, na wa miezi 4 mpaka 11 saa 12 mpaka 16. Usiku peke yake hautoshi, juu anaamka kila mara kunyonya. Wengine wanazani kwamba akikosa kulala muchana, usiku atalala sana. Mara nyingi ni kinyume: mutoto aliyechoka kupita kiasi analia, ananyonya vibaya na usingizi unakataa.

Kwa hiyo asingojewe mpaka alie. Katika miezi ya kwanza, akikaa macho karibu saa moja, tayari amechoka: anapiga miayo, anageuza uso, anasugua macho. Usingizi wake unaanza mwepesi, kwa dakika 20 hivi, kisha unakuwa muzito. Mama anayejua saa watoto wanarudi anaweza kumunyonyesha na kumulalisha nusu saa mbele yao. Watakapofika, kelele haitamushitua sana.

Tena nyumba haina lazima ya kuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Mvua ikipiga mabati, watoto wachanga wanalala vizuri sana. Sauti ya kawaida, hata redio ya chini, haiwasumbui. Kinachowaamsha ni kitu cha gafula: sahani kuanguka, mulango kupigwa. Watoto wa miaka 6 na zaidi wanaelewa jambo hilo wakielezwa mbele, si kwa kukaripiwa nyuma. Mupira na kamba viende inje, upande wa mbali na dirisha.

Shida kubwa ni huyu wa miaka 3. Yeye haelewi saa, na anaona bebe amemunyanganya mama. Kumutuma inje peke yake kunaongeza wivu. Afazali akae karibu mama akinyonyesha, apewe hadisi ao hata kazi ndogo ya kuleta kikwembe. Akishapata sehemu yake ya mama, anakubali kwenda kucheza.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi zinaona kuwa la kawaida: binti mukubwa kubeba bebe mugongoni kila alasiri ili alale, huku madaftari yake yanangojea. Kusaidia ni vizuri, lakini binti wa miaka 9 si mama wa pili. Kaka yake pia ana mugongo.

Na pahali pa kulala pachunguzwe. Bebe alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea sana, bila mito, na si katikati ya watoto wengine, juu wanaweza kumulalia bila kujua. Kikwembe kifunike dirisha kwa kupunguza mwangaza, si uso wake. Chini ya mabati joto la saa saba ni kali, basi hewa ipite. Mbabula yenye makala ibaki inje kabisa: sumu yake inaua bila kuonekana.

Mutoto muchanga anayelala sana mpaka haamki kunyonya, ao anayelegea, ao mwenye homa, huyo hafai kuachwa alale. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.