Paa la Majani kwa Nyumba ya Mabati

Mchana katika Lodwar na Kakuma joto hufika digrii 35 na kuzidi. Nyumba ya mabati huwa kama tanuri, na mtoto mchanga au mgonjwa hawezi kupumzika ndani yake. Je, mkulima aweza kuotesha paa la majani mabichi juu ya nyumba yake? Aweza, lakini yafaa ajue njia iliyo salama.

Katika Ujerumani watu wengi huweka udongo juu ya paa na kupanda mimea humo. Lakini paa zile zimejengwa kwa nguvu ili zichukue mzigo huo, na mvua hunyesha huko mwaka mzima. Usiige jambo hilo juu ya mabati. Udongo wa kina cha inchi 4, ukilowa maji, juu ya chumba cha futi 10 kwa 10, uzito wake ni yapata tani moja na nusu. Fito zitavunjika, na paa litawaangukia watu waliolala. Tena Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na udongo ulio juu ya bati la moto hukauka upesi.

Njia bora ni kupanda chini, na kuiacha mimea itambae juu. Fanya hivi:

Kwanza, anza upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalochoma zaidi. Simamisha nguzo imara za mathenge zilizoondolewa maganda, zikichimbiwa futi 2. Juu yake funga uchanja wa fito, uwe futi moja juu ya bati. Uchanja usimame juu ya nguzo zake wenyewe, usilalie paa. Nafasi ile hupitisha hewa, na majani hayaunguzwi na bati. Kaza kamba sana, maana upepo wa Turkana ni mkali.

Pili, chimba mashimo 3 ya futi 2 kwenda chini, yakiachana futi 4. Changanya udongo na debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza. Usijaze shimo mpaka juu. Acha inchi 6 ili maji yasitoroke. Wakulima wa Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma kwa wakimbizi na wenyeji, hulima bustani za nyumbani kwa matuta ya namna hiyo yaliyozama chini.

Tatu, majira ya mvua yanapoanza, panda fiwi au mung'unye, mbegu 4 kila shimo. Zikiota, bakiza miche 2 iliyo na nguvu. Zungushia miiba, kwani mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya miezi miwili kwa asubuhi moja. Wakati mimea ingali michanga, tandaza makuti ya mkoma juu ya uchanja ili kivuli kianze mara moja.

Nne, usitumie maji ya kunywa. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yatosha, mradi yasiwe na dawa ya kung'arishia nguo. Mwagia kila shimo lita 5 hivi jioni. Kwa mashimo yote ni chini ya debe moja. Funika shina kwa nyasi kavu. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, usiyatumie.

Mung'unye mchanga ni mboga, na uliokomaa hukaushwa ukawa kibuyu. Lakini ukionja ukakuta ni mchungu, tupa, maana una sumu. Fiwi kavu zichemshwe sana, na maji yake ya kwanza yamwagwe.

Usipitishe mimea juu ya jiko la kuni, wala upande wenye mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Anza na upande mmoja mwaka huu. Ukifaulu, ongeza wa pili. Kwa shauri la mbegu na wadudu, mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa mahali pako.