Tumbo la mtoto na ugomvi wa wazazi

Huku Ujiji mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki. Baba hulala nyumbani, na katika baadhi ya nyumba ndipo ugomvi huanza. Siku hizohizo mama huleta zahanati mtoto anayelia tumbo. Tunapima malaria, tunapima choo, hakuna kitu. Giza likirudi na baba akirudi ziwani, tumbo limepona!

Vipimo usiviruke, kichocho kipo ziwani kwetu. Vikiwa safi, itazame nyumba. Daktari Murray Bowen wa Marekani alifundisha kuwa wawili wakizozana humvuta wa tatu katikati yao. Salvador Minuchin, miaka ya 1970 kule Philadelphia, alikuta watoto wa kisukari waliozidiwa kila mara kwa sababu ya mivutano ya nyumbani, akawa anatibu familia nzima. Maumivu hayo ni ya kweli, mtoto hadanganyi. Usimchape.

Sisi tunayo aya ya 35 ya Surat an-Nisaa: mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume, mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Mtoto hakutajwa. Basi acha kumtuma "kamwambie baba yako". Mwite baba mkubwa, mwite na mjomba, mkae mkekani watoto wakishalala. Ila kama kuna kipigo, usingoje kikao. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto.