Mrejesho kwa Mwalimu wa Mbali: Programu Ibebe Nini?

Wanafunzi wa kompyuta wakipewa mradi wa kutengeneza programu ya wavuti ya kumpa mrejesho mwalimu aliye mbali, wengi huanza na ukurasa wa kujisajili na nywila. Lakini kwanza wangejiuliza: mwalimu hujirekebisha akiambiwa nini, na nani?

Kenya ina mfano wa karibu. Katika mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia 2015, maofisa wa elimu walitembelea shule wakiwa na tableti. Ofisa aliketi nyuma ya darasa, akajaza alichokiona, kisha akazungumza na mwalimu. Tableti ilimwelekeza cha kutazama, na mrejesho wenyewe ukawa yale mazungumzo.

Mazungumzo hayo yakihamia mtandaoni, kitu hupungua. Mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha walimu waliotembelewa na wakufunzi na wenzao walioongozwa kwa tableti na simu. Pande zote zilipewa maandalio ya masomo. Baada ya miaka 3, wanafunzi wa waliotembelewa walikuwa wamepanda katika kuongea na kusoma Kiingereza. Kwa walioongozwa kutoka mbali, kuongea kulipanda kwa kiasi kidogo na kusoma hakukupanda. Sababu moja inayoelekea kuwa kweli ni kwamba mkufunzi wa simu hakuliona darasa, alitegemea kusimuliwa.

Basi kazi ya programu ni kumfikishia mkufunzi darasa lenyewe. Hapo gharama ya bando huamua. Kipindi cha dakika 40 kikirekodiwa kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde, faili hufika megabaiti 300. Sauti peke yake, kwa kilobiti 16 kwa sekunde, haifiki megabaiti 5. Sauti haionyeshi ubao, ila inatosha kusikia nani anaulizwa, nani anajibu, na mwalimu anasubiri kwa muda gani. Kivinjari kiihifadhi kwenye simu na kuituma mtandao ukipatikana. Mkufunzi naye aandike maoni yake kwenye dakika husika: “Dakika ya 12 uliuliza swali, ukalijibu mwenyewe.” Maneno hayo yana faida kuliko alama 6 kati ya 10, kwa kuwa yanamwonyesha mwalimu cha kubadilisha kesho.

Kinachobaki ni suala la umiliki. Mwalimu akihisi anapelelezwa, atarekodi somo la maonyesho tu. Yeye ndiye aamue nini kitumwe na lini kifutwe. Sauti za watoto nazo zimo humo, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, haziwaachi nje.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika msimbo, wanafunzi wamtafute mwalimu mmoja aliye tayari, warekodi kipindi kimoja kwa simu ya kawaida, wamtumie maoni matatu. Yasipomsaidia, programu haitayaokoa.