Jarida la 1966 lililoizaa Wakanda

Muda mrefu kabla ya filamu ya Black Panther kujaza kumbi za sinema mwaka 2018, Wakanda ilikuwa nchi ya kubuni katika jarida la katuni la Marekani lililouzwa kwa senti 12. Lilikuwa toleo nambari 52 la Fantastic Four, la Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, wote wazaliwa wa New York.

Katika toleo hilo T'Challa, mfalme wa Wakanda, anawapelekea mashujaa wanne wa New York zawadi ya chombo cha angani na kuwaalika nchini mwake. Mmoja wao, Ben Grimm, anastaajabu: mtu wa mwituni kama wale wa filamu za Tarzan amekipata wapi chombo cha namna hiyo? Wanapowasili wanakuta msitu wenyewe ni mitambo. Mwenyeji wao anawawinda mmoja mmoja na kuwanasa. Anayewanusuru ni rafiki yao Wyatt Wingfoot, Mmarekani wa asili asiye na nguvu zozote za ajabu.

Hilo halikuwa jambo dogo. Katika majarida mengi ya aina hiyo, Mwafrika alichorwa kama mbeba mizigo, adui au mtu wa kuokolewa. Hapa yeye ndiye tajiri, na wageni ndio wanaoduwaa. Wakati huo sheria ya kulinda haki ya Wamarekani weusi ya kupiga kura, iliyotiwa saini Agosti 1965, ilikuwa haijatimiza mwaka.

Hata hivyo, ujasiri huo ulikuwa na mipaka. Mchoro wa awali wa jalada ulionesha sehemu ya uso mweusi wa T'Challa. Katika jalada lililochapishwa, barakoa imeufunika uso wote.

Toleo la 53 ndilo lililoeleza chanzo cha utajiri wa Wakanda: madini ya vibranium. Mgeni aitwaye Klaw aliyataka, na kwa ajili yake akamuua T'Chaka, babake T'Challa. Kwa wakazi wa Maziwa Makuu, kisa cha wageni na madini hakikuwa ngano tupu. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Kongo ilitwaa mali za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba ya Katanga tangu enzi za ukoloni.

Ramani zilizotolewa baadaye na Marvel, wachapishaji wa jarida hilo, zinaiweka Wakanda Afrika Mashariki. Lakini katika filamu ya 2018, lugha ya Wawakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini.