Bafu Linalovuja: Jinsi ya Kurekebisha Sakafu na Trei ya Shawa

Doa la unyevu linapotokea kwenye dari, wengi hupaka rangi na kusahau. Mara nyingi chanzo ni bafu la nyumba ya juu. Maji yakipenya sakafu ya shawa kwa muda mrefu, hufikia vyuma vilivyo ndani ya zege. Vyuma hushika kutu, kutu huvivimbisha, na zege hupasuka na kuanza kumeguka. Ufa ambao ungezibwa mapema huishia kuwa hatari kwa jengo zima na wanaoishi humo.

Wakazi wanashauriwa kutambua kwanza maji yanapotokea wapi, kisha kufuata matengenezo yanayolingana na aina ya sakafu waliyo nayo.

Pima kwanza

Mwaga maji moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji kwa mpira, bila kulowesha sakafu. Doa likiongezeka huko chini, huenda tatizo ni bomba au kiungo chake. Lisipoongezeka, ziba tundu, jaza maji kina kidogo, weka alama kwa penseli na usubiri saa kadhaa. Maji yakishuka chini ya alama, kagua kizibo kwanza. Kama kimeziba vizuri, sakafu au trei yenyewe inavuja.

Sakafu ya simiti

Usipake simiti juu ya ufa tu, kwani itabanduka. Panua ufa kwa patasi, ondoa vumbi na uloweshe mahali hapo. Changanya sehemu moja ya simiti na sehemu tatu za mchanga safi, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Jaza, sawazisha, kisha funika na udumishe unyevu kwa siku saba ili simiti ikomae. Hakikisha sakafu inateremka kuelekea kwenye tundu, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita.

Sakafu ya vigae

Gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kama kitu chenye uwazi ndani kimeachana na sakafu, hivyo king'olewe na kubandikwa upya. Kwangua grauti iliyooza au kumeguka, safisha na ujaze mpya. Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu zizibwe kwa silikoni ya bafuni, kwa sababu ukuta na sakafu husogea kidogo na grauti hupasuka hapo.

Trei ya plastiki au faiba

Trei hizi hupasuka hasa kwa sababu chini yake kuna pengo, nayo hubonyea mtu anapoikanyaga. Ukiziba ufa bila kuitegemeza trei, utarudi tena. Ikishategemezwa, toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, piga msasa, futa na uache ikauke kabisa. Trei ya faiba huzibwa kwa kitambaa cha faiba na resini; ya plastiki ngumu, kwa gundi ya epoksi inayofaa plastiki hiyo. Vaa glavu, fungua madirisha na usiwashe moto karibu, kwani mvuke wa resini una madhara na hushika moto. Usioge hapo hadi muda ulioandikwa kwenye kopo uishe.

Trei ya chuma au kauri

Chuma kilichobanduka enameli kipigwe msasa hadi kutu yote iishe na chuma king'ae. Kikaushe, kisha paka rangi ya epoksi ya enameli kwa tabaka nyembamba, ukisubiri kila moja ikauke. Kama kutu imetoboa chuma, badilisha trei. Kauri iliyomeguka kidogo juu huzibwa kwa epoksi, lakini iliyopasuka kutoka upande hadi upande ibadilishwe, kwa kuwa kingo zake hukata mguu.

Tahadhari ya umeme

Nyumba nyingi zina shawa inayopasha maji kwa umeme. Zima swichi kuu kabla ya kuanza kazi. Ukihisi mtetemo wa umeme ukishika bomba au ukikanyaga sakafu yenye maji, acha kutumia bafu hilo mara moja na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Kwa wapangaji

Mjulishe mwenye nyumba au mtunzaji wa jengo kwa maandishi, ukiambatisha picha na tarehe, na upate kibali kabla ya kubomoa chochote. Anayeishi chini naye amweleze jirani wa juu mapema. Huenda jirani huyo hajui kwamba bafu lake linavuja, kwa sababu kwake sakafu inaonekana kavu.