Kila mpiga picha na kungwi wake

Bi harusi ana kungwi. Mpiga picha je?

Mpenzi msomaji, hebu fungua simu yako uitazame ile picha uliyompiga bibi Newala sikukuu iliyopita. Ulimsimamisha Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linang'aa nyuma yake, uso wake giza tupu. Marafiki walikuambia "nzuri!" Walikudanganya.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na kamera yake, na mwaka 1908 akachapisha kwao picha za kina mama wa enzi hizo, ndonya mdomoni. Yule alikuwa mgeni tu. Wewe mjukuu ushindwe?

Tafuta aliyekutangulia, awe mwenye studio pale Masasi mjini au shemeji anayepiga picha za harusi. Huyo ndiye kungwi wako. Mpelekee picha tatu, siyo mia. Usijitetee, muulize tu: "Nimekosea wapi?" Atakuambia umgeuze bibi mwanga umwangukie usoni, uguse uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, na usubiri jua la saa kumi na moja, maana la saa sita linamtia vivuli machoni. Wiki ijayo rudi na nyingine tatu.

Na wewe unayejua, usimcheke anayeanza. Kosoa picha, mtu muache.

Mawe ya Masasi utayakuta pale pale hata mwakani. Bibi anazeeka, kwa hiyo anza wikiendi hii.